Je, Wajua? Siri za Njaa na Unene

Mafuta ya mwili hutuma salamu kwenye ubongo

Kila siku mafuta yaliyohifadhiwa mwilini mwako hutoa homoni ya leptini, nayo husafiri na damu hadi ubongoni kutoa taarifa: akiba ipo, usile sana. Tumelijua hili kwa sababu ya panya. Mwaka 1949, katika Maabara ya Jackson huko Maine, Marekani, alionekana panya mnene ajabu. Wa ukoo wake huweza kufikia mara tatu ya uzito wa panya wa kawaida. Baadaye mtafiti Douglas Coleman aliunganisha mwili wa panya kama huyo na wa panya wa kawaida, damu zikachanganyika. Yule mnene akapunguza kula! Kumbe shibe ilikuwa kwenye damu ya mwenzake. Mwaka 1994 mtafiti Jeffrey Friedman na wenzake wakaigundua jeni ya homoni hiyo.

Miaka 9, kilo 94

Mifuko miwili ya saruji kasoro kilo sita: huo ndio uliokuwa uzito wa msichana mmoja aliyetibiwa Uingereza. Tangu azaliwe mwili wake haukutengeneza leptini, kwa hiyo alimaliza sahani na njaa iko palepale. Alipoanza kudungwa leptini kila siku, alipungua kilo 16 ndani ya mwaka mmoja. Nawafikiria watoto wanaoitwa walafi, nami moyo unaniuma. Kasoro ya msichana huyo ni adimu mno. Watu wengi wanene wana leptini tele, ila ubongo wao hauisikii vizuri.

Mhadzabe na karani wako sare

Mwanamume wa Kihadzabe, kando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania, hutembea kama kilomita 11 kwa siku akiwinda na kurina asali. Hata hivyo, mtafiti Herman Pontzer na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba kalori anazotumia kwa siku zinalingana na za mtu wa mjini Marekani mwenye umbo kama lake! Inaelekea mwili hubana matumizi kwingine, kama mama aliyeona unga unakaribia kuisha. Moyo, hata hivyo, hufaidika sana na mwendo huo.

Usiku mbili tu

Vijana 12 wa kiume waliolala kwa muda wa saa nne tu kila usiku kwa usiku mbili, katika utafiti wa Chicago wa mwaka 2004, leptini yao ilishuka kwa asilimia 18. Ghrelini, homoni ya njaa itokayo tumboni, ikapanda kwa asilimia 28, na hamu ya vitu vitamu na wanga ikapanda nayo.

Dawa iliyotoka kinywani mwa mjusi

Mjusi mwenye sumu aitwaye Gila, wa majangwa ya Marekani na Meksiko, huweza kuishi kwa milo michache mikubwa kwa mwaka. Katika sumu yake mtafiti John Eng alikuta kitu kinachofanana na homoni ya utumbo wetu inayosaidia kuleta shibe. Yetu huvunjika ndani ya dakika chache tu. Ya mjusi hudumu kwa saa kadhaa. Mwaka 2005 ikawa sindano ya kisukari, nayo ikafungua njia kwa sindano za leo za kupunguza uzito.