Kutoka Wagonjwa 27 hadi Milioni Moja: Hesabu ya Madai ya Bima

Kidonge cha Mediator kiliuzwa Ufaransa kwa miaka 33. Kilianza kuuzwa mwaka 1976 kwa wagonjwa wa kisukari wenye uzito mkubwa, kikaondolewa sokoni Novemba 2009, na katikati hapo watu wapatao milioni 5 walikimeza, wakiwemo wasio na kisukari ambao walitaka kupungua tu. Bima ya afya ya taifa ilikilipia asilimia 65 ya bei. Kwa hiyo kila boksi lililopita dirishani kwa mfamasia liliacha alama katika daftari la mlipaji: nani, lini, dawa gani, kiasi gani.

Mtu wa kwanza kupiga kelele hakuwa na daftari hilo. Irène Frachon, daktari wa mapafu katika hospitali ya chuo kikuu mjini Brest, alikuwa akiona vali za moyo zinazovuja bila sababu inayoeleweka. Utafiti wake wa hospitalini ulikuwa na wagonjwa 27 wa namna hiyo, na wengine 54 wa kulinganisha nao. Katika wale 27, waliowahi kutumia dawa hiyo walikuwa 19, yaani asilimia 70. Katika wale 54 walikuwa 3. Tofauti hiyo haihitaji kompyuta kuiona. Lakini watu 81 ni watu 81, tena wa hospitali moja, na mwenye kiwanda hakosi la kusema.

Ndipo mfuko wa bima ukafungua daftari lake. Watafiti wake waliwatoa humo wagonjwa wa kisukari 1,048,173. Kati yao, 43,044 walikuwa wamelipiwa Mediator mwaka 2006. Wakawafuatilia wote kwenye kumbukumbu za kulazwa za 2007 na 2008. Baada ya kusawazisha umri, jinsia na maradhi mengine, waliotumia dawa walilazwa kwa vali zinazovuja mara 3.1 ya wenzao, na upasuaji wa kubadilisha vali ulikuwa mara 3.9. Hakuna mgonjwa aliyepigiwa simu. Hakuna aliyetolewa tone la damu. Novemba 2010 mamlaka ya dawa ya Ufaransa ikatangaza kwamba kidonge hicho kiliua watu wasiopungua 500. Machi 2021 mahakama iliitoza kampuni ya Servier, iliyokitengeneza, faini ya euro milioni 2.7, na Desemba 2023 mahakama ya rufaa ikaiamuru irudishe kwa mifuko ya bima zaidi ya euro milioni 400.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha vizuri kuliko maelezo yoyote kile ambacho takwimu za madai zinaweza, na pia kile ambacho haziwezi. Haikuwa kanzidata iliyoshuku. Aliyeshuku ni daktari aliyemtazama mgonjwa. Kanzidata ilikuja baadaye kupima.

Sasa ukubwa wake. Mfumo wa taifa wa takwimu za afya wa Ufaransa hupokea kila mwaka karatasi za matibabu bilioni 1.2, huduma za kitabibu milioni 500 na kulazwa milioni 11. Ukigawa bilioni 1.2 kwa wakazi milioni 67, kila mtu anapata karatasi 18 kwa mwaka, yule mzima wa afya akimpunguzia yule mwenye figo mbovu. Ukigawa kwa siku ni milioni 3.3. Kwa sekunde ni 38. Ulipokuwa ukisoma sentensi hizi nne, madai mia kadhaa yameshaingia.

Kila dai lenyewe ni fupi. Lina namba ya mtu iliyogeuzwa kuwa msimbo usiorudishika, mwaka wa kuzaliwa, tarehe ya huduma, msimbo wa boksi la dawa na pesa iliyolipwa. Mtu akilazwa, unaongezeka msimbo wa ugonjwa. Akiwa na ugonjwa wa muda mrefu unaolipiwa asilimia 100, nao umeandikwa. Basi. Kipimo cha sukari kilifanyika tarehe 6? Dai linajua. Jibu lilikuwa ngapi? Dai halijui. Halijui uzito wako, halijui kama unavuta sigara, halijui kama kile kidonge ulikimeza au kiko kabatini mpaka leo. Linajua kilicholipwa, kwa kuwa liliandikwa ili pesa itoke.

Kwa nini basi watafiti wanahangaika nalo? Kwa sababu ya hesabu ya mambo adimu. Kuna kanuni wanayoitumia wanatakwimu: ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kuona angalau tukio moja, unahitaji watu mara tatu ya uadimu wake. Madhara yanayompata mtu 1 kati ya 2,000 yanataka watumiaji 6,000. Yanayompata 1 kati ya 10,000 yanataka 30,000. Majaribio ya dawa kabla ya kuidhinishwa huwa na watu mia kadhaa hadi elfu chache. Dawa inaweza kupita mlango huo ikiwa safi kabisa, ikaja kudhuru watu ikishafika kwa umma. Na hapo tumehesabu kuliona tukio moja tu. Kuthibitisha kwamba limesababishwa na dawa, na si na uzee au kisukari chenyewe, kunataka watu wengi zaidi mno.

Wengi kiasi gani? Ufaransa hiyohiyo ilitoa mfano wa pili. Mwaka 2011 mfuko uliichunguza pioglitazoni, dawa nyingine ya kisukari, iliyoshukiwa kuleta saratani ya kibofu cha mkojo. Safari hii walikuwa wagonjwa 1,491,060 wenye umri wa miaka 40 hadi 79. Waliotumia dawa: 155,535, na saratani 175. Wasioitumia: 1,335,525, na saratani 1,841.

Chukua kikokotoo ugawe. Utapata saratani 113 kwa kila watumiaji 100,000, na 138 kwa kila wasiotumia 100,000. Mbona dawa inaonekana inakinga? Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu anaanza kuhesabiwa mtumiaji siku anapoanza dawa, na wengi walianza katikati ya kipindi, kwa hiyo walitazamwa muda mfupi zaidi kuliko wenzao. Ukihesabu kwa miaka ambayo kila mtu alikuwa chini ya uangalizi, picha inapinduka: 49.4 kwa kila watumiaji 100,000 kwa mwaka, dhidi ya 42.8. Baada ya kusawazisha umri, jinsia na dawa nyingine, hatari ilizidi kwa asilimia 22, na kwa waliotumia zaidi ya miaka miwili ikazidi kwa asilimia 36. Ufaransa ilisitisha dawa hiyo Juni 2011. Takwimu zilezile, namna mbili za kugawa, majibu mawili yanayopingana. Mwandishi wa habari anayekabidhiwa takwimu za madai na kukimbilia asilimia ya kwanza aliyoiona anastahili kunyang'anywa kikokotoo.

Tuje kwenye gharama. Tofauti kati ya 49.4 na 42.8 ni watu 6.6 kwa kila 100,000 kwa mwaka, sawa na mgonjwa mmoja wa ziada kwa watumiaji wapatao 15,000. Nimepiga hesabu ya kawaida ya ukubwa wa sampuli: jaribio la kugawa watu kwa bahati nasibu, lenye uwezo wa asilimia 80 wa kuinasa tofauti hiyo, lingehitaji takribani watu 332,000 kila upande, wafuatiliwe miaka mitano. Jumla ni miaka milioni 3.3 ya kufuatilia watu. Tuweke bei ya kutupa, euro 100 kwa mtu kwa mwaka, kwa vipimo, nauli na mishahara yote. Ni euro milioni 332, na jibu lingekuja mwaka 2016 au baadaye. Hakuna ambaye angelitoa fedha hizo. Mfuko ulitumia madai yaliyokuwa yameshalipiwa.

Lakini "yameshalipiwa" si "bure". Kuna mitambo ya kuhifadhi, ulinzi wake, na juu ya yote watu: mtakwimu anayejua dawa, na mfamasia anayejua kanuni za malipo. Bila huyo wa pili utafiti huharibika kimyakimya, kwa kuwa sehemu ya kinachoonekana kuwa ugonjwa ni mabadiliko ya bei. Mfuko ukiongeza malipo ya ugonjwa fulani, ugonjwa huo "unaenea". Ukikataa kulipia kipimo, wenye tatizo hilo "wanapona". Mhudumu anayejua kwamba msimbo fulani hurudishwa na mwingine hulipwa ataandika ule unaolipwa, na dai hewa nalo huingia likiwa limevaa namba ya mtu halisi.

Na ile sigara? Sigara ni chanzo kikubwa cha saratani ya kibofu, na daftari la Ufaransa halikuwa nayo. Mwaka 2015 ulitoka utafiti wa Marekani kuhusu dawa ileile, wenye wagonjwa 193,099, na ongezeko lake la asilimia 6 halikutosha kutofautishwa na bahati tu. Ubishi wa pioglitazoni haukuishia Paris. Wa Mediator uliishia huko, kwa sababu mara tatu ni mara tatu. Kwangu hiki ndicho kipimo cha kazi: takwimu za madai zikikuonyesha hatari iliyozidi maradufu, sikiliza upesi, zikikuonyesha moja nukta mbili, uliza kwanza nini hakikuandikwa.

Halafu kuna swali la mwenye taarifa. Taiwan, ambayo bima yake ya taifa ilianza tarehe 1 Machi 1995 na kufunika karibu wakazi wote, iliwapa watafiti madai yake kwa miaka mingi na kuzaa tafiti kwa maelfu. Mwaka 2012 wananchi kadhaa waliomba taarifa zao zisitumike nje ya malipo, wakakataliwa. Tarehe 12 Agosti 2022 Mahakama ya Katiba ilisema utafiti wenyewe haukatazwi, ila sheria kutompa mtu njia ya kujitoa ni kinyume cha Katiba, na ikatoa miaka mitatu ya kurekebisha. Wanaosema kuficha jina kunatosha wafikirie kijiji cha watu 3,000: mwanamke aliyezaliwa mwaka fulani na aliyejifungua hospitali ya wilaya tarehe fulani ni mmoja tu, na jirani zake wanamjua. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Ufaransa imeongeza uzio mwingine ninaoupenda: takwimu hizo haziruhusiwi kutumika kumwongezea mtu ada ya bima au kumnyima bima.

Sasa nyumbani. Kabla ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, wenye bima Tanzania walikuwa karibu asilimia 15. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, kwa hiyo tunazungumzia wanachama na wategemezi wapatao milioni 9.3. Wengi husikia asilimia 15 wakakata tamaa. Ni makosa. Dawa inayotumiwa na mwanachama 1 kati ya 100 ina watumiaji 93,000, zaidi ya mara mbili ya wale 43,044 walioifikisha Mediator mahakamani. Kwa swali la "dawa hii inadhuru?" milioni 9.3 wanatosha, maana vali ya moyo ya mwalimu wa Dodoma na ya mvuvi wa Kilwa asiye na kadi ni vali moja.

Kwa swali la "Watanzania wangapi wana shinikizo la damu?" hawatoshi hata kidogo, na hata wangekuwa milioni 30 wasingetosha iwapo aliyeachwa nje ni mvuvi yuleyule kila mara. Daftari la waajiriwa litakueleza magonjwa ya waajiriwa. Wizara ikipanga bajeti ya dawa kwa kulitazama, itapeleka dawa za sukari mjini na kuusahau mwambao.

Kinachokosekana zaidi ni uzi wa kuunganisha. Aliyelazwa leo kwa kadi, kesho akinunua dawa kwa fedha taslimu kwenye duka la mtaani, nusu ya historia yake imepotea. Aliyeacha kazi akatoka kwenye bima, kwa kanzidata ni sawa na aliyekufa. Machi 2024 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wake; mtafiti asiye na kumbukumbu atakayekuja kuzichungulia siku hizo miaka kumi baadaye ataona maradhi yamepungua ghafla na kuandika makala kuhusu muujiza.

Na kuna sehemu ndogo iliyo mikononi mwako. Fomu ya madai ya NHIF, ile 2A na B, ina nafasi ya ugonjwa na nafasi ya sahihi. Watu husaini haraka kwa kuwa foleni ni ndefu na dirisha la dawa linakaribia kufungwa. Safari ijayo, kabla hujasaini, soma kilichoandikwa hapo kwenye ugonjwa. Kama si chako, kirudishe.