Mitutu Miwili Inapogoma Kufunguka

Umefyatua mtutu mmoja, umesukuma wenzo, bunduki imeachia kidogo kisha imekwama. Hapo hapo kumbuka mtutu wa pili: bado una risasi, na nyundo yake imepanda. Wanaoumia ni wale wanaosimamisha kitako chini na kuvuta mdomo wa bunduki kuelekea tumboni, au wanaoipiga gotini. Elekeza mdomo mahali salama, ondoa kidole, funga usalama. Hata hivyo usiuamini sana usalama huo, maana kwenye bunduki nyingi hufunga kifyatulio tu, haushiki nyundo.

Uzito wa kuifungua peke yake si ugonjwa. Tangu Anson na Deeley walipobuni mtambo wao huko Birmingham mwaka 1875, bunduki nyingi zisizo na nyundo za nje hupandisha nyundo kwa nguvu ya mitutu inaposhuka. Ukishafyatua, mkono wako ndio unaokaza kamani. Uzito wa namna hiyo huenda sawasawa, haunasi.

Ikinasa mwanzoni kabisa, mimi hushuku kwanza pini inayopiga fataki. Isiporudi ndani, ncha yake hubaki imezama kwenye fataki na kulishikilia ganda. Mara nyingi chanzo ni mafuta ya zamani yaliyoganda, au kamani ya kuirudisha imechoka. Chunguza ganda lililotumika: mkwaruzo unaotoka kwenye kishimo cha fataki kwenda ukingoni ni alama ya pini. Fataki iliyofutuka kuingia kwenye tundu la pini inaonyesha tundu limepanuka, au msukumo wa baruti umezidi.

Msukumo unaweza kuzidi bila mwenye bunduki kujua. Bunduki nyingi za kale za Uingereza zina chemba ya milimita 65. Risasi ya milimita 70 huingia humo bila taabu, kwa kuwa urefu huo hupimwa ganda likiwa limekunjuka, yaani baada ya kufyatuliwa, na humo hukosa nafasi ya kukunjuka.

Ikishafunguka, ili kujua ni mtutu upi unaonasa, nenda uwanja wa shabaha, weka risasi moja tu mtutu wa kulia, kisha rudia kwa wa kushoto. Pini usiichonge kwa tupa. Mpelekee fundi mwenye leseni bunduki pamoja na maganda yake. Lakini iliyokwama ikiwa na risasi ndani usiipakie garini. Mwite fundi aifuate hapo ilipo.