Mombasa ingoje, twende kwanza Port Victoria

Mapema mwaka 2021, shule zilipofunguliwa baada ya miezi mingi ya ugonjwa wa Korona, niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha pili insha yenye mada ya kawaida kabisa: "Mahali ninapopapenda". Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Jiografia katika viunga vya Mundika, kilomita chache kabla ya kuufikia mji wa Busia kwa msafiri atokaye Kisumu. Nilizisahihisha insha zile usiku, kalamu nyekundu mkononi, na kadiri nilivyosonga mbele ndivyo nilivyozidi kuyasikia mawimbi ya Bahari ya Hindi. Karibu darasa zima lilikuwa limeandika juu ya Mombasa. Palikuwa na mchanga mweupe, minazi, ngamia wa kukodi na Ngome ya Yesu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuitia Mombasa machoni, nami nililijua hilo fika, lakini lugha yao ilikuwa safi nikawapa alama za kuridhisha.

Mvulana mmoja aliandika juu ya Port Victoria. Alisema kwamba mahali anapopapenda ni kwa nyanya yake, na kwamba siku hizi nyumba ya nyanya imo ndani ya ziwa na samaki huingilia mlangoni. Nikapiga mstari mwekundu chini ya sentensi hiyo. Pembeni nikaandika: "Haiwezekani. Zingatia uhalisi." Nikampa 9 kwa 20. Yeye alilipokea daftari lake, akalitazama, akaketi. Hakuja kulalamika.

Mwezi wa Aprili, wakati wa likizo, mwalimu mwenzangu alifiwa na mama yake huko Bunyala, nasi tukaenda kumzika. Baada ya mazishi tuliteremka hadi ufuoni kupunga upepo. Nilichokiona kilinifunga kinywa. Mabati ya mapaa yalikuwa yamesimama juu ya maji. Mwembe uliokauka ulikuwa umezingirwa na magugumaji, na mtumbwi ulikuwa umefungwa kwenye kizingiti cha mlango, kana kwamba kizingiti kile kilijengwa kwa kazi hiyo. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu, aliponiona nimeduwaa, aliniambia, "Mwalimu, hapo ulipokanyaga palikuwa ukingo wa shamba langu la mihogo. Shamba lenyewe liko kule." Akanyoosha kidole ziwani.

Hapana shaka wasomaji wengi wanakumbuka jinsi maji ya Ziwa Victoria yalivyopanda mwaka 2020. Mwezi Mei mwaka huo yalikipita kimo kilichowekwa 1964, ambacho kwa zaidi ya nusu karne kilikuwa kimesimuliwa na wazee kama kioja kisichoweza kurudi. Mto Nzoia nao, utokao katika milima ya Cherangani na kupokea maji ya Mlima Elgon, huingia ziwani papo hapo katika nchi ya Budalang'i, na kila uvunjapo matuta yake ya udongo watu huhamia kwenye kambi. Mimi nilikuwa nikiyasoma hayo gazetini. Nilikuwa nikiyafundisha pia! Lakini yalipokuja katika daftari la mtoto aliyeyaona kwa macho yake, niliyakana.

Kuna jambo jingine lililonitia haya zaidi. Kwa miaka mingi nimewasimulia wanafunzi wangu habari za Happisburgh, kijiji kidogo katika pwani ya Norfolk huko Uingereza, ambako bahari inaila ardhi na nyumba zimeanguka kutoka juu ya magema. Picha za nyumba zile zikining'inia ukingoni nimewaonyesha, na sikuandika "haiwezekani" juu ya hata moja. Waingereza wana desturi njema ya kuzitembelea kaunti zao za mashambani, kijiji hadi kijiji, wakilitazama kanisa hili na gati lile. Nadhani ndiyo sababu kijiji kama Happisburgh kinajulikana hadi Mundika, ilhali Mundika haijulikani vyema hata na wakazi wake.

Tangu siku ile nimekuwa nikiizunguka Kaunti ya Busia kila nipatapo nafasi na nauli, wakati mwingine pamoja na wanafunzi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 893,681 katika kaunti hii, na nathubutu kusema kwamba wengi wa Wakenya wengine waliowahi kuikanyaga walikuwa wakipita tu kwenda Uganda. Hata sisi wenyewe tumejizoeza kuiona kama foleni ya malori.

Si kwamba mpaka hauna cha kutufunza. Mjini Busia msafiri huhitaji kuambiwa kwamba amevuka, maana maduka ni yale yale, na jina la mji ni hilo hilo pande zote mbili. Kituo cha pamoja cha mpakani, ambamo maafisa wa nchi zote mbili hufanya kazi chini ya paa moja, kilizinduliwa na Marais Kenyatta na Museveni mwezi Februari 2018. Lakini inasimuliwa kwamba zamani, pale katikati ya vizuizi viwili, palikuwa na mwendo wa kuchosha kwa mtu mwenye mizigo, na vijana wenye baiskeli wakawa wanawaita abiria kwa kulirudiarudia neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Hapo ndipo lilipozaliwa neno bodaboda, ambalo leo latumika Dar es Salaam, Kampala na hata Kinshasa iko njiani kulisikia. Mwanafunzi wa isimu akitaka kuona neno la Kiswahili lilikozaliwa, na apande matatu ya dakika chache tu kutoka hapa Mundika.

Na mpaka wenyewe ni mtoto mdogo. Hadi 1902 nchi yote hii, pamoja na Kisumu, ilihesabiwa kuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Waingereza waliuhamisha mkoa huo kwa kalamu, na mwaka 1926 wakauandika mpaka kwa kufuata mito, ukiwemo Mto Sio na Mto Malaba. Februari 1976 Idi Amin aliikumbuka kalamu ile akaanza kudai ardhi ya Kenya, na wazee wa huku wanaokumbuka mwaka ule hawacheki wanapousimulia. Watu hawakuhamishwa na kalamu hiyo. Wasamia wako pande zote mbili, Wateso vivyo hivyo. Mathalani katika ukoo mmoja wa Samia, ule wa Kanoni Jeremiah Awori, Moody Awori alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya kutoka 2003 hadi 2008, ilhali nduguye Aggrey Awori aligombea urais wa Uganda mwaka 2001.

Malaba sitakaa sana. Ni mji wa reli na malori. Reli iliyotoka Nakuru kupitia Eldoret ilivukia hapo kuingia Tororo, ikafika Kampala mwaka 1931. Wakati wa Korona madereva walilala barabarani siku nyingi wakingoja kupimwa, na safu yao ikawa ndefu kupita macho. Yeyote apitaye hapo na ainue uso aulizame mwamba wa Tororo ng'ambo, kisha aendelee na safari yake kuelekea kaskazini.

Kaskazini ndiko kuliko na Kakapel. Naomba nitue hapa kidogo, maana sijui kwa nini mahali hapa si wimbo katika kila shule ya magharibi mwa Kenya. Katika vilima vya nchi ya Teso, si mbali na miteremko ya Mlima Elgon, pana mwamba mkubwa uliojikunja ukafanya kivuli, na chini ya kivuli hicho mna michoro ya watu wa kale. Ipo miduara na maumbo ya rangi nyekundu na nyeupe yanayodhaniwa kuwa kazi ya Batwa, waliokuwa wawindaji na wachuma matunda, na juu yake ipo michoro ya ng'ombe iliyowekwa na wafugaji waliokuja baadaye. Yaani watu walikuja wakaikuta kuta imeandikwa, nao wakaandika juu yake. Wataalamu wa mambo ya kale walipochimba chini ya mwamba huo walikuta dalili za kukaliwa na binadamu tangu miaka 9,000 hivi iliyopita, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2024 walieleza kwamba wamepata punje za kunde zenye umri wa miaka ipatayo 2,300, pamoja na wimbi la miaka 1,000 hivi.

Tulipokwenda huko na kidato cha tatu mwaka huo huo wa 2024, msichana mmoja aliniuliza ikiwa wimbi hilo ni lile lile. Nikamwuliza, lipi? Akanijibu, "La uji, Mwalimu. Mama huliuza Nambale." Nikamwambia ndilo. Alisimama akiutazama ule mwamba kwa namna ambayo sijapata kumwona akiutazama ubao wangu. Wateso wa huko nao wana lao la kusema juu ya wimbi, kwa kuwa ndilo wapikalo ajon, pombe inywewayo kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, wazee wakiwa wameketi duara. Hilo nililieleza kwa haraka kidogo, kama ilivyonipasa.

Lakini safari yenyewe ilikaribia kuharibika kabla ya kuanza. Nilipolipeleka pendekezo langu katika mkutano wa walimu, mmoja wa wakubwa wetu aliuliza ni mzazi gani atakayetoa pesa mtoto wake akaone mawe ya Teso, na mwingine akaongeza kwamba anayetaka kuona omena aende sokoni. Watu walicheka. Nami nilicheka nao, kwa woga. Msimamo wao, kwa haki, una msingi: ziara ya Mombasa huwapa watoto bahari, reli mpya na fahari ya kusimulia, na si kila mtoto atapata nafasi nyingine. Lakini darasa zima haliendi Mombasa. Huenda wachache ambao wazazi wao wana uwezo, na waliosalia huandika insha juu ya minazi wasiyoiona. Matatu 2 za kukodi zilitutosha kwenda Kakapel na kurudi kabla ya magharibi, na hakuna aliyebaki kwa kukosa nauli.

Kwa upande wa kusini njia hupitia Funyula, katika vilima vya Samia. Vilima hivi vina mawe ya chuma, na kwa karne nyingi wahunzi wa Kisamia waliyayeyusha katika matanuri yao wakafua majembe. Majembe hayo yalikuwa mahari na yalikuwa fedha, na yaliuzwa mbali na hapa. Mwalimu wa Kemia angeweza kufundisha somo zima juu ya kilima kimoja. Sio Port, penye mlango wa Mto Sio, ni pa kwenda asubuhi na mapema kuona omena ikianikwa. Nambale na Butula nazipita leo kwa haraka, wenyeji wake wanisamehe. Zina habari ndefu za pamba na za misheni ambazo zinastahili makala yake.

Na Port Victoria? Ni jina kubwa kwa mji mdogo. Katika mipango ya awali ya reli kutoka Mombasa, hapa kwenye ghuba iliyoitwa Berkeley ndipo palipokusudiwa kuwa mwisho wa njia. Baadaye wapimaji waliona kwamba njia ya kwenda kwenye ghuba ya Kisumu ni fupi zaidi, na mwezi Desemba 1901 reli ikaishia huko. Kisumu ikawa jiji, Port Victoria ikabaki na jina. Mara kwa mara hujiuliza ingekuwaje, hasa niketipo pale gatini nikila mbuta kwa ugali wa muhogo na mtama, huku mitumbwi ikirudi, na wavuvi wakisimulia ni nani safari hii aliyekamatwa na askari wa Uganda kwa kuvuka mstari usioonekana majini.

Shule zilipofunguliwa mwezi Mei 2021, siku ya kwanza nilimwita yule mvulana nje ya darasa, nikamwomba daftari lake la insha. Nilikata yale maneno yangu mekundu. Nikamwambia kwamba nimefika, nimeona, na kwamba mwalimu wake alikosea. Nikaandika 16 mahali pa 9. Alizitazama alama kwa muda, asijue, nadhani, mwalimu anayeomba radhi hujibiwaje. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba nyanya yake sasa anakaa kwa shangazi, na kwamba ufunguo wa mlango ule bado anao.