Kabla ya Kutia Sahihi Karatasi ya Kaboni



Juzi kikundi kimoja cha akina mama kutoka upande wa Subukia kilituletea hapa ofisini Milimani karatasi kumi na nne, zote Kiingereza kitupu. Walikuwa wametembelewa na wageni waliowaambia ati miti yao inaweza kuuzwa bila kukatwa. Mama mwenyekiti akatuuliza, "Sasa sisi tunauza nini hasa?" Tumeona tulijibu swali hilo hapa, maana wageni kama hao wanazunguka na vikundi vingine.

Mti ukikua huvuta hewa ya ukaa, ile inayotoka kwenye moshi wa magari na viwanda na kuzidisha joto duniani. Huiweka ndani ya shina, mizizi na udongo. Kampuni ya ng'ambo ambayo haiwezi kupunguza moshi wake, au haitaki, hulipa mtu mwingine aizuie hewa hiyo kwa niaba yake. Kila tani 1 ikishapimwa na kukaguliwa hupewa cheti, na cheti ndicho kinachouzwa. Biashara hii ilipata msingi katika Mkataba wa Kyoto wa 1997, na sasa mataifa yanafuata Mkataba wa Paris wa 2015. Si miti pekee inayohusika. Hata hapa kaunti yetu, KenGen iliandikisha umeme wa mvuke wa Olkaria chini ya mpango wa Kyoto.

Wazee wa Molo watafahamu upesi wakikumbuka pareto. Ulipeleka maua kwa kilo, lakini bei ilifuata nguvu ya dawa iliyopimwa maabara, na wewe hukuwako. Kaboni ni hivyo hivyo, tena zaidi, kwa sababu mali yenyewe haionekani kwa macho. Yule anayepima ndiye mwenye nguvu, na malipo yake hutolewa kabla ya yako.

Serikali na makampuni wana washauri wa kuwaeleza haya yote. Kenya, kwa mfano, iliahidi mwaka 2020 kwamba itapunguza hewa hizi kwa asilimia 32 kufikia 2030. Ikiuzia nchi nyingine tani chini ya Mkataba wa Paris, haiwezi tena kuihesabu katika ahadi yake. Ng'ombe mmoja hahesabiwi katika mazizi mawili. Ndiyo sababu serikali inataka ijue kila mradi. Lakini mkulima wa ekari mbili, mshauri wake ni nani? Mara nyingi ni yule yule aliyeleta karatasi.

Septemba 2023 sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilirekebishwa, na kanuni za masoko ya kaboni zikafuata 2024. Miradi inatakiwa kuandikwa katika rejista ya taifa na kufanyiwa uchunguzi wa athari kwa mazingira na watu. Katika miradi ya ardhi, jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kutolewa gharama za kuendesha biashara. Hapo kwenye gharama mfungue macho! Asilimia 40 ya kilichobaki inaweza kuwa pesa nyingi, na inaweza kuwa bure kabisa.

Jambo jingine watu wengi hawaambiwi. Ulinzi huu wa mkataba wa jamii ulifikiriwa hasa kwa ardhi ya jamii na ya umma. Wengi wetu huku Bahati, Njoro na Rongai tuna mashamba yenye hati, kila mtu na lake. Kwa hivyo kinachokulinda wewe zaidi ni yale maneno uliyotia sahihi. Karatasi za akina mama zilitaja miaka 40. Miaka 40! Mtoto aliye darasa la kwanza leo atakuwa na wajukuu. Ukitaka kukata mti ulipe karo, au kumgawia kijana wako shamba, au kuuza ploti, karatasi inasema nini?

Na pesa ni ngapi? Mpango wa TIST, ulioanza Tanzania na kuenea kwa vikundi vidogo vya pande za Mlima Kenya, umekuwa ukilipa senti 2 za dola kwa kila mti ulio hai kwa mwaka, pamoja na ahadi ya asilimia 70 ya faida vyeti vikiuzwa. Piga hesabu: miti 1,000 ni dola 20, yaani kama Sh. 2,600 kwa mwaka. Si vibaya, kwa kuwa matunda, kuni na kivuli vinabaki vyako. Lakini mtu asiuze ng'ombe akingojea pesa hizo.

Inawezekana mambo yaende vizuri. Kule Gazi, Kwale, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanatunza hekta 117 za mikoko, wameuza kaboni tangu 2013, na pesa zimeleta maji na vitabu vya shule. Kamati ni yao wenyewe. Kaskazini ni habari nyingine. Januari 2025 mahakama ya ardhi Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili, moja yao ikiwa ndani ya mradi mkubwa wa kaboni ya malisho, zilianzishwa bila wananchi kushirikishwa inavyotakiwa. Vyeti vya mradi huo vilikuwa vimenunuliwa na makampuni makubwa kama Netflix.

Baba Mtakatifu Fransisko naye alionya katika Laudato Si' ya 2015 kuwa vyeti hivi vinaweza kugeuka ulanguzi tu, bila moshi kupungua. Sisi hatusemi mkatae. Tunasema karatasi isomwe kwa Kiswahili mbele ya kikundi kizima, wake na waume, na muulize ofisi ya NEMA kama mradi unajulikana.

Akina mama wa Subukia walirudisha zile karatasi na maswali matatu: gharama ni zipi, nani anapima, na mtu akitaka kutoka anatokaje. Wageni waliahidi kurudi na majibu baada ya wiki mbili. Hii ni ya tano.