Je, Wajua? Nyutroni Zilivyojificha Ndani ya Kiini cha Atomu

Je, wajua kwamba katika kiini cha atomu ya risasi nyutroni ndizo nyingi? Risasi-208 ndiyo aina ya risasi inayopatikana kwa wingi zaidi. Kiini chake kina protoni 82 na nyutroni 126. Mahali zilipo protoni panajulikana vizuri tangu miaka ya 1950, wakati Robert Hofstadter wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alipovirushia viini elektroni na kupima zilivyotawanyika. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Lakini elektroni huvutwa na chaji ya umeme, na nyutroni haina chaji. Nyutroni hizo nyingi zikabaki gizani.

Je, wajua kwamba kuna nguvu inayobagua kulia na kushoto? Inaitwa nguvu dhaifu ya nyuklia, na nyutroni huihisi zaidi ya mara kumi kuliko protoni. Elektroni hujizungusha kama pia: nyingine kwa upande wa kulia wa mwendo wake, nyingine kwa upande wa kushoto. Umeme haujali upande. Nguvu dhaifu inajali. Basi ukirusha elektroni za kulia, kisha za kushoto, tofauti ndogo ya zinavyotawanyika hukuonyesha nyutroni zilipo.

Je, wajua tofauti hiyo ni ndogo kiasi gani? Katika jaribio la PREX, lililofanyika kwenye maabara ya Jefferson huko Virginia, Marekani, ilikuwa kama 550 kwa kila elektroni bilioni moja zilizotawanyika. Ili kuipata, wataalamu walibadilisha upande wa mzunguko wa elektroni mara nyingi kila sekunde, na kuhesabu bila kuchoka.

Je, wajua kwamba risasi ilibidi ibanwe katikati ya almasi? Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327 za Selsiasi tu, na mwale wa elektroni ungeitoboa upesi. Kipande chembamba, cha unene wa nusu milimita hivi, kiliwekwa kati ya karatasi mbili za almasi, kwa sababu almasi hupitisha joto haraka mno. Kisha vyote vikapozwa kwa heliamu yenye baridi kali.

Je, wajua jibu lilikuwa nini? Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba nyutroni za risasi zimetanda nje ya protoni na kufanya ngozi yenye unene wa femtomita 0.28, ikiongezeka au kupungua kwa 0.07. Milimita moja ina femtomita trilioni moja. Mwaka uliofuata maabara hiyohiyo ilitangaza kipimo cha kalsiamu-48, yenye protoni 20 na nyutroni 28: ngozi yake ni femtomita 0.12 tu. Hapo wananadharia wakakuna vichwa, maana hesabu inayoipa risasi ngozi nene huipa kalsiamu nayo ngozi nene.

Je, wajua kwamba chembe ziitwazo nyutrino nazo zinaweza kupima nyutroni? Matrilioni ya nyutrino hukupitia mwilini kila sekunde bila kukugusa. Mwaka 1974 Daniel Freedman alitabiri kwamba nyutrino yenye nishati ndogo hukigonga kiini kizima kwa pamoja, na kwamba nyutroni zikiongezeka mara mbili, uwezekano wa kugonga huongezeka takriban mara nne. Utabiri huo ulithibitishwa mwaka 2017 huko Oak Ridge, Tennessee, kwa fuwele ya iodidi ya kaisiamu yenye uzito wa kilo 14.6, iliyowekwa kwenye ujia wa chini wa jengo. Kutokana na data hizo, wanafizikia walikadiria kwamba nyutroni za kaisiamu na iodini zimetanda hadi nusukipenyo cha femtomita 5.5 hivi, ingawa kosa la kipimo bado linakaribia femtomita moja.

Je, wajua kwamba ngozi hii inahusu nyota? Msukumo unaozipeleka nyutroni nje ya kiini cha risasi ni wa aina ileile unaoizuia nyota ya nyutroni isijiporomokee. Nyota hiyo huwa na uzito unaolizidi Jua, lakini upana wake ni kilomita ishirini na kitu tu. Ngozi ikiwa nene, na nyota hutarajiwa kuwa pana. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa kutoka pwani ya Kenya karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ni miongoni mwa vyombo vya kwanza kugundua miale ya eksirei inayopigapiga kutoka nyota za namna hiyo.

Kwa sasa risasi na kalsiamu hazijapatana. Vipimo vipya vya risasi vinaandaliwa huko Mainz, Ujerumani, na mpaka vitakapokamilika, asikwambie mtu kwamba unene wa ngozi ya nyutroni umekwisha kujulikana.