Kaka au Dada Tuliyepotezana Naye: Kurejesha Mawasiliano Uzeeni na Maana Yake kwa Afya

Katika kliniki ya shinikizo la damu na kisukari, mgonjwa mpya huulizwa swali ambalo mhudumu amelizoea kiasi cha kulitamka bila kuinua macho: "Je, katika familia yenu yupo mwenye ugonjwa kama huu?" Wengi hujibu upesi. Wachache hunyamaza kidogo, kisha husema: "Kaka yangu mkubwa ndiye angejua. Lakini hatujasemezana miaka mingi." Mhudumu huandika "haijulikani" na kuendelea na swali linalofuata.

Makala haya yanahusu jibu hilo. Yanaeleza jinsi ndugu wanavyopotezana katika mazingira kama ya Mpanda na Mkoa wa Katavi kwa jumla, kwa nini jambo hilo ni la kiafya, na namna mtu mzima anavyoweza kurejesha mawasiliano na mkubwa wake bila kujiumiza wala kumuumiza.

Namna mbili za kupoteza ndugu

Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, umejengwa na wenyeji pamoja na watu waliotoka mbali. Wakonongo, Wabende na Wapimbwe waliwakuta au kuwapokea wageni wa kila namna: waliofuata reli ya tawi itokayo Kaliua na kuishia Mpanda, wafugaji wa Kisukuma waliohamia na ng'ombe wao, na wakimbizi wa Burundi walioyakimbia mauaji ya mwaka 1972. Kwa ajili ya wakimbizi hao, makazi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973 na ya Mishamo mwaka 1978.

Kila uhamaji uliacha ndugu nyuma. Kwa familia za Katumba na Mishamo, utengano ulikuja mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa ule wa 1972, watu walipokimbia bila kuagana. Mara ya pili ulianza mwaka 2007, wakimbizi walipotakiwa kuchagua kati ya kurejea Burundi na kuomba uraia wa Tanzania. Makumi ya maelfu walirejea. Katika makazi matatu, yaani hayo mawili na Ulyankulu ya Tabora, zaidi ya watu 160,000 walipewa uraia, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Katika familia moja, mkubwa aliweza kurudi kulifuata shamba la baba, na mdogo akabaki mahali alipozikia wazazi na kuzalia watoto. Baadhi ya waliorejea walikuta ardhi imeshikwa, pengine na ndugu wa damu, na mashauri ya namna hiyo yakawa mengi hata Burundi ikaunda tume maalumu ya ardhi mwaka 2006.

Hivyo tunapata namna mbili za kupoteza ndugu. Ya kwanza ni kupotezana: hujui alipo, wala kama yu hai. Ya pili ni kukosana: unajua alipo, pengine hata namba yake ya simu unayo, lakini neno halipiti kati yenu. Chanzo chaweza kuwa urithi, ng'ombe wa mahari, mzazi aliyeuguzwa na mtoto mmoja tu, au maneno yaliyosemwa msibani. Mhudumu anayetaka kusaidia sharti atambue kwanza ni ipi kati ya hizo mbili, kwa maana dawa zake hazifanani.

Kwa nini ni jambo la kiafya

Sababu ya kwanza ni ya kitabibu. Kisukari cha ukubwani, shinikizo la damu, presha ya macho na baadhi ya saratani huandama familia. Ndugu wa mtu mwenye presha ya macho, kwa mfano, yumo katika hatari kubwa kuliko watu wengine, na ugonjwa huo hula uwezo wa kuona kimyakimya. Kaka au dada mkubwa, aliyewaona wazazi wakiugua na kufa, ndiye mwenye kumbukumbu ambazo hospitali haina.

Sababu ya pili ni ya nafsi. Mtaalamu wa Marekani, Pauline Boss, ameeleza tangu miaka ya 1970 aina ya upotevu usio na hitimisho: mtu hayupo, lakini hakuna kaburi wala matanga. Anayeishi na upotevu huo hawezi kuomboleza hadi akamaliza, wala hawezi kutumaini kwa utulivu. Huzuni yake huonekana kliniki kwa sura nyingine: kukosa usingizi, maumivu yasiyo na chanzo, kuacha dawa. Mhudumu asiyeuliza zaidi huona mgonjwa mkaidi, kumbe yupo mbele ya mfiwa asiye na msiba.

Sababu ya tatu ni upweke. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya Juni 2025, lilikadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Mzee aweza kuwa na wajukuu kumi uani na bado akamkosa mtu mmoja anayekumbuka utoto wake.

Kosa la kutaka hukumu kwanza

Karl Pillemer wa Chuo Kikuu cha Cornell alichunguza utengano wa kifamilia nchini Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Zaidi ya robo ya watu wazima aliowahoji walikuwa wametengana na jamaa fulani. Lenye faida zaidi kwetu ni alilojifunza kwa waliofanikiwa kupatana: wengi waliacha kudai kwamba mwenzao akubali maelezo yao kuhusu yaliyopita. Hawakukubaliana kuhusu jana. Walikubaliana kuhusu kesho.

Jambo hilo ni gumu zaidi pale aliyekosana nasi anapokuwa mkubwa wetu. Katika familia zetu, mkubwa husimama mahali pa mzazi. Yeye huona kwamba mdogo ndiye wa kuja. Mdogo huona kwamba mkubwa ndiye aliyepaswa kumlinda, na hakumlinda. Kila mmoja hungoja, na miaka ishirini hupita. Mlango mmoja, hata hivyo, haukufungwa: salamu. Mdogo akisema "shikamoo", hajakiri kosa wala hajaliachia shamba. Ametoa heshima ya umri tu. Naye mkubwa akijibu "marahaba", hajashinda kesi. Wametambuana, na kwa siku ya kwanza hilo latosha.

Hatua za kufuata

Kwa waliopotezana, safari ianzie kwa Chama cha Msalaba Mwekundu cha Tanzania, ambacho pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu hutoa bila malipo huduma ya kutafuta jamaa waliotenganishwa na vita, uhamaji au majanga. Mtafutaji hueleza majina yote aliyotumia ndugu yake, majina ya wazazi, kijiji cha asili na mahali walipoonana mwisho. Anayetafutwa akipatikana, huulizwa kwanza kama anaridhia mahali alipo pajulikane. Tahadhari moja: mtu asitume fedha kwa yeyote anayedai kwa simu kuwa ndiye ndugu, kabla ya kuthibitisha kwa maswali ambayo ni wao wawili tu wanaoyajua.

Kwa waliokosana, ujumbe wa kwanza uwe mfupi, usio na lawama wala ombi. Mfano: "Shikamoo kaka. Ni mdogo wako wa Mpanda. Nipo hai, nina wajukuu, na nimekukumbuka. Sina shida ninayoomba. Ukipenda, nitafurahi kusikia sauti yako." Baada ya hapo asubiri, hata miezi. Ukimya si lazima uwe kukataa. Mzee aliyepigwa na ujumbe kama huo naye anahitaji muda wa kuketi.

Maneno "sina shida ninayoomba" yana uzito wake, nayo yawe kweli. Upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili mwaka 2017 na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018, na mtoaji huwa ni ndugu wa mgonjwa. Ndugu wa baba na mama mmoja wana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kikamilifu katika alama za kinga za mwili. Kwa hiyo hutokea familia ikamkumbuka kaka aliyesahauliwa siku daktari anapotaja figo. Haja ikiwa ya kweli, isifichwe chini ya salamu: isemwe wazi na mtu mwingine, na ndugu huyo apewe ushauri wake faraghani, akiwa huru kabisa kukataa.

Wakikubaliana kuonana, mkutano wa kwanza uwe wa saa chache, mchana, mahali pasipogombaniwa. Shamba na urithi visiguswe siku hiyo. Msafiri abebe dawa zake zote za presha au kisukari pamoja na za akiba, kwa kuwa safari za Katavi huweza kurefuka. Wala asiache kula kwa furaha au hofu. Mwenye kusikia au kuona kwa shida asemewe karibu, uso kwa uso, asije akadhaniwa kuwa amenuna.

Nafasi ya mhudumu na mipaka yake

Wahenga walisema: wagombanapo ndugu, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Mhudumu wa afya aishike methali hiyo. Yeye si hakimu wala mjumbe wa ukoo. Kazi yake ni kuuliza kwa upole, kusikiliza, na kumwelekeza mgonjwa kwa afisa ustawi wa jamii au mshauri nasaha, bila kamwe kumpigia simu ndugu pasipo ridhaa ya mgonjwa.

Aidha, si kila utengano unapaswa kuponywa. Aliyepigwa, aliyenajisiwa, au aliyetuhumiwa uchawi hata akahama kunusuru maisha, asihimizwe kurudi kwa jina la undugu. Umbali wake ni kinga. Mgonjwa wa namna hiyo asaidiwe kuishi kwa amani na uamuzi wake.

Na yupo atakayechelewa: atatafuta na kukuta kaburi. Habari hiyo huuma, lakini humruhusu hatimaye kulia, kuweka matanga na kuwajua watoto wa marehemu, ambao nao ni damu yake na wana majibu waliyoachiwa.

Tunawasihi wahudumu, mgonjwa atakaposema "kaka yangu ndiye angejua", wasikimbilie swali linalofuata. Waulize: "Ungependa kumpata?" Akijibu hapana, liheshimiwe. Akijibu ndiyo, "haijulikani" haitakuwa tena neno la mwisho katika jalada lake.