Harufu ya Choo: Dawa Iko kwa Seremala

Hapa Kitengela ploti zimesongamana, na nyumba nyingi hutegemea choo cha shimo au tangi la septiki. Harufu ikizidi, wengi hukimbilia dawa kali za dukani. Kesho yake harufu imerudi.

Je, harufu yatoka wapi?

Uchafu ukioza pasipo hewa hutoa gesi. Moja ni haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Nyingine ni amonia, ile inayowasha macho. Choo kikilowa mkojo na maji, mambo huwa mabaya zaidi.

Mimea yasaidiaje?

Unga wa mbao hunyonya unyevu na kuacha nafasi ya hewa kupita. Huko Mukuru, Nairobi, vyoo vya Fresh Life vilivyoanza mwaka 2011 vimetumia njia hii. Kama una choo kikavu cha ndoo, fanya hivi:

1. Omba unga mkavu kwa seremala. Usichukue wa mbao zilizotiwa dawa.
2. Kila mtu akimaliza, amwage kopo dogo hadi uchafu ufunikwe.
3. Majivu yachanganye na unga huo. Majivu peke yake hupunguza gesi ya yai viza, lakini huongeza amonia.

Choo cha shimo usikimwagie magunia ya unga. Kitajaa upesi na lori la kunyonya litashindwa. Hapo weka bomba refu la hewa lenye wavu juu.

Gesi ya tangi kubwa, au ya uchafu wa kichinjio, yaweza kupitishwa kwenye kitanda cha mboji na vipande vya mbao. Bakteria waishio humo huila. Lakini kitanda kikikauka hakifanyi kazi, basi kinyunyizie maji.

Tahadhari

Kukosa harufu si usalama. Haidrojeni salfaidi ikiwa nyingi hufisha pua. Mtu hanusi kitu, mara anaanguka. Asiteremke mtu shimoni au kwenye tangi, hata kumwokoa mwenzake. Wengi wamekufa hivyo, wawili au watatu pamoja. Ita wazima moto.

Na uchafu wa choo kikavu, hata usiponuka, una mayai ya minyoo. Uhifadhi mwaka mmoja na nusu hadi miwili kabla ya kuupeleka shambani.

Jamani, anza na gunia moja tu la unga. Pua yako itakuambia, lakini usalama usiuachie pua.